Mashine ya Upande wa Pili wa Ukuta

Watu wa msiba wana mikono myepesi. Marehemu hajakaa vizuri ardhini, wao wameshagawana mashati, wamehamisha kabati, wamepanga vyombo vya jikoni wanavyotaka wao, na mwenye nyumba akitafuta kijiko inabidi aulize kama mgeni. Ndivyo ilivyokuwa kwa mshonaji alipofiwa na mumewe. Hakumzuia mtu. Shati la samawati lilikwenda kwa binamu, viatu vilikwenda kwa nani sijui, naye alikaa kitini akitazama kama anayetazama majirani wakihama. Lakini walipofika karakana, chumba kilichopakana na chumba chake cha kushonea, na mmoja akashika spana ili afungue ubao uliobanwa juu ya ile mashine, mshonaji aliinuka akaenda kusimama mlangoni.

"Ubao usifunguliwe," akasema.

Wiki ile nzima hakutoa maneno mengine yenye nguvu kama hayo. Aliyeshika spana akaiweka chini, akaenda kutafuta kitu kingine cha kuhamisha.

Mashine yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa na sura. Mumewe alikuwa seremala, mtaa mzima ulimwita Rula kwa sababu hakukata hata kuni bila kuipima, na mashine hiyo ya kuchonga mbao aliiunda mwenyewe kwa kuokoteza. Reli zilitoka kwenye madroo ya ofisi iliyofungwa, fremu ilikuwa miguu ya meza, feni ya kuipoza ilitoka kwenye kompyuta iliyokufa. Katikati kuna kisu kinachozunguka, na mota tatu za kukisogeza: moja kushoto na kulia, moja mbele na nyuma, moja juu na chini. Mota hizo hazizunguki ovyo kama ya feni. Zinakwenda kwa vihatua vidogo vidogo, na kila moja ina kibodi chake, yaani kibao kidogo cha umeme, cha kuisukuma. Kompyuta inayoiongoza mashine ikisema hatua mia, kibodi kinaitekenya mota mara mia, kisu kinafika. Ubaya ni kwamba mota ikiruka hatua, kompyuta haina habari. Inaendelea kuchonga ikijiona iko mahali pake, na kazi inaharibika.

Ubao uliokuwa umebanwa pale ulikuwa wa kichwani, wa kitanda cha mtoto. Ndege watano wakiruka kwa mstari. Watatu walikuwa wamekwisha, wa nne alikuwa na bawa moja tu, la pili halijaanza. Mtoto mwenyewe alikuwa bado tumboni mwa binti yao, mjukuu wa kwanza, na tumbo lilikuwa limeshashuka. Ukiufungua ubao wa namna hiyo huwezi kuurudisha pale pale, hata ungekuwa na macho ya tai. Utakosea kwa upana wa unywele, na unywele unatosha kumkata ndege shingo. Kwa hiyo, ama mashine ipone na imalize ubao ukiwa pale ulipobanwa na mkono wa Rula, ama mjukuu alale chini ya ndege watatu na bawa. Mshonaji hakuwa anataka kitu kingine duniani. Na hicho nacho alikitaka kwa mbali, kama mtu anayejua ana mguu kwa sababu anauona, lakini umekufa ganzi.

Maana hakuwa analia. Alikula alichowekewa, alilala alipoambiwa alale. Asubuhi moja alitia chumvi kwenye chai akainywa yote huku binti yake akimtazama. Wifi yake mkubwa alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, akakaa karibu naye akiusubiri huo mshindo. Mshindo ukachelewa, wifi akarudi kwake kulisha kuku.

Wa kuitibu mashine alikuwa mdogo wa marehemu, fundi wa redio na televisheni, jina la mtaani Waya. Mwembamba, mdomo haufungi, na siku hiyo alijitahidi kuufunga akashindwa.

"Shemeji, pole tena."

"Ahsante, shemeji."

"Umekula?"

Mshonaji alifikiri. "Nadhani."

"Ukila unajua, shemeji. Si jambo la kudhani." Aliweka begi lake la vifaa sakafuni, akaizunguka mashine kama mnunuzi wa ng'ombe. "Haya. Kaka alisemaje siku ile?"

"Alisema mota inaruka. Akasema anakwenda dukani mara moja."

"Kununua nini?"

"Hakusema. Alisema mara moja."

Waya hakuuliza zaidi, kwa sababu yaliyofuata aliyajua. Rula alianguka mbele ya kaunta ya duka la vipuri, ameshakabidhiwa kifurushi chake, anaaga. Moyo. Daktari alilieleza jambo hilo kwa maneno mengi, lakini maana yake ilikuwa hiyo.

Waya alianza na alichokiona kwa macho. Alivuta waya mmoja mmoja, akapuliza vumbi la mbao, akakaza skrubu za mikanda. Akainua kisu juu, kisiguse kitu, akawasha. Mota zikaamka. Zilitoa sauti ya kuvuma, nyembamba, ya kistaarabu, na kisu kikaenda kushoto, kikarudi kulia, safi kabisa. Mshonaji aliposikia sauti ile aligeuka akautazama ukuta.

Ukuta huo, ngoja niueleze. Upande wa huku mashine, upande wa kule cherehani. Mwaka ule Rula alipoiwasha mashine yake kwa mara ya kwanza, ililia kama bati linaloburutwa barabarani, na mshonaji alikuwa na gauni la bibi harusi mkononi. Mshono ulikwenda upogo. Alichukua mkasi akagonga ukuta kwa kipini, mara mbili. Mashine ikanyamaza. Baada ya muda ikaanza tena, naye akaendelea kushona. Tangu hapo ikawa desturi yao. Kichwa kikimuuma anagonga. Akihesabu vipimo anagonga. Siku nyingine, kusema kweli, aligonga kwa sababu tu alikuwa amekasirika na mteja, na mume ndiye aliyekuwa karibu. Rula hakuwahi kuja kulalamika. Alinyamazisha, akakaa kidogo, akawasha tena. Na kadiri siku zilivyokwenda kelele ikawa haimkeri sana. Mteja mmoja alimuuliza anawezaje kushona na fujo ile, akajibu kwa maringo kwamba ndoa huzoesha masikio.

"Hewani inakwenda vizuri," Waya alisema. "Tuipe kazi."

Alibana kipande cha mbao chakavu pembeni mwa meza, mbali na ubao wa ndege, akaiamuru mashine ichore mstari mmoja tu, ulionyooka. Kisu kilishuka kikauma mbao. Kikaenda vizuri, kisha kikasita, mota ikagugumia, kikaendelea. Mstari ukatoka na kigoti katikati, pale ulipopinda.

"Umeona? Imeruka."

"Kama cherehani ikiruka mshono," mshonaji alisema.

"Na cherehani ikiruka unafanyaje?"

"Nabadilisha sindano. Isipopona, natazama uzi. Isipopona, natazama mkazo wa uzi."

"Basi tutafuata njia hiyo hiyo. Wewe shemeji ungekuwa fundi redio ningefunga duka." Alimtazama aone kama shemeji atacheka. Hakucheka, na Waya akakohoa, akazima umeme. "Kwanza nazima kabisa. Ukichomoa mota umeme ukiwa umewaka, kibodi kinakufa hapo hapo, hakikuagi."

Baada ya kusema hivyo aliinamia waya kwa muda mrefu bila kuona cha kufanya nao. Mshonaji alijua amejutia neno, na hakuwa na nguvu ya kumwambia si kitu.

Waya alibadilishana plagi: mota ya kushoto na kulia akaipa kibodi cha mbele na nyuma, na ile nyingine akaipa kibodi cha ya kwanza. Alieleza anachofanya, kwa sababu hakuweza kufanya bila kueleza. Kama ugonjwa uko kwenye mota, utaifuata mota huko iendako. Kama uko kwenye kibodi, utabaki na kibodi. Aliwasha, akachora mstari. Ukaruka. Akachora mwingine wa kukatiza. Nao ukaruka. Akazima, akabadilisha nyaya, akawasha. Ukaruka. Akazima tena, akavichomoa vibodi vyenyewe, akavibadilisha nafasi. Mistari ilijaa kwenye kile kipande cha mbao, yote ina vigoti.

"Ajabu," alisema, akikaa juu ya kopo la rangi. "Mgonjwa akiwa mmoja, ugonjwa unamfuata. Huu uko kwa wote. Nyumba nzima inaumwa." Alipima umeme unaoingia kwa mita yake, ulikuwa sawasawa. Akakuna kidevu. "Tumeshatazama sindano, tumeshatazama uzi. Umebaki mkazo."

Kila kibodi kilikuwa na skrubu ndogo, ndogo kuliko kichwa cha pini, ya kuongeza au kupunguza umeme unaokwenda kwenye mota. Waya aligusisha ncha ya mita kwenye ya kwanza. Akasoma. Akaigusa tena, kama mtu anayedhani kipimo kimemdanganya. Akaenda ya pili, akaenda ya tatu.

"Shemeji, zimeshushwa."

"Zimeshushwa nini?"

"Nguvu. Zote tatu, na zote sawasawa. Hapa mota inapewa umeme wa kuchonga sabuni, si mbao ngumu kama hii. Ikikutana na fundo la mti inashindwa, inaruka." Alitoa miwani ya kusomea, akainama mpaka pua ikakaribia feni. "Na hii si ajali. Vichwa vya skrubu vimelika. Mtu amezigeuza, si mara moja wala mbili. Kidogo, kidogo, kidogo. Hivi kaka alikuwa na akili gani? Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia bisibisi."

"Kwa nini mtu azishushe?"

"Labda zilikuwa zinachemka. Lakini kuna feni." Alishusha mabega. "Au kelele. Ukipunguza umeme mota inanyamaza kidogo. Lakini nani ataharibu mashine kwa ajili ya kelele? Humu alikuwa peke yake."

Mshonaji alikuwa amesimama mgongo ukiwa ukutani. Hakusogea. Jambo lile lilimfikia polepole, kama habari za mtu wa mbali, na lilipofika alilielewa lote. Masikio yake hayakuwa yamezoea kitu. Kila alipogonga, upande wa pili mtu alichukua bisibisi.

Alitoka akaenda chumbani, akafungua kabati, akatoa mfuko wa plastiki waliompa hospitali. Alikuwa hajaufungua tangu siku ile. Haukuwa na siri kubwa: mkanda, saa, kitana, leso. Chini kabisa kifurushi kidogo cha karatasi cha dukani, bado kimebanwa kwa pini. Akakileta kizima kizima mpaka karakana, akampa Waya.

Waya alikifungua. Ndani kulikuwa na vibodi vitatu vipya, kila kimoja kwenye kipakiti chake cha kung'aa. Alivigeuza mwangani.

"Ala," alisema taratibu. "Hivi ni vile vya kimya."

"Vya kimya vipi?"

"Ni aina mpya. Mota inapewa nguvu yote na haisikiki. Ukikaa chumba cha pili hutajua kama kuna kazi inafanyika." Aliinua uso, ameshika kile kipakiti, akitafuta namna ya kupongeza. "Kaka alikuwa anajua anachofanya, kumbe. Akipandisha umeme, kelele. Akishusha, kazi inaharibika. Akaona dawa ni hii. Lakini bado sielewi, kelele ilikuwa inamkera nani?"

"Mimi," mshonaji akasema.

Waya akakishusha kile kipakiti.

"Nilikuwa nagonga ukuta kwa mkasi. Akawa anapunguza. Mimi nikadhani nimezoea." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuulizia bei ya vifungo. "Kama nisingegonga, mota isingeruka. Isingeruka, asingekwenda dukani."

"Shemeji, moyo ni moyo. Daktari alisema hata angekuwa amelala kitandani..."

"Najua alichosema daktari."

"Hakukuambia kitu? Kaka?"

"Hakusema neno."

Kwa nje binti yake alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika ukipita mlangoni mara kadhaa. Waya alisafisha miwani yake kwa shati, akaivaa, akaivua.

"Basi," alisema mwishowe, "tuvipachike hivi alivyokufuatia. Tuwashe, na nyumba itulie."

"Hapana."

"Shemeji, vitu vipya, mtu amevinunua kwa..."

"Pandisha vile vya zamani. Virudishe alivyovianzia."

"Italia kama zamani. Unakumbuka ilivyokuwa inalia?"

"Nakumbuka. Iache ilie."

Waya alimtazama, kisha akachukua bisibisi yake ndogo. Aligeuza skrubu ya kwanza kidogo, akapima, akageuza tena. Akafanya hivyo kwa zote. Akawasha mota zikae na umeme bila kwenda, ili aone kama hazitachemka mno, akamwambia mshonaji aweke mkono juu ya mota moja amwambie joto likizidi. Mshonaji aliweka. Waya akahangaika na feni, akageuka baadaye akamkuta bado ameshika. Akauvuta mkono wake. Kiganja kilikuwa chekundu.

"Nilisema uniambie, shemeji."

"Nilikuwa nangoja lizidi," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Waya akashusha umeme kwa uzi mmoja, akazima, akarudisha plagi zote pahali pake, akawasha tena. Akachora mstari kwenye mbao chakavu. Mashine ikalia. Madirisha yakatetemeka, kopo la rangi likatembea sakafuni, binti akachungulia mlangoni ameziba sikio moja na mkono mwingine uko tumboni. Lakini mstari ulitoka umenyooka kama uzi uliovutwa. Akachora mwingine, kwa kina, kwenye fundo la mti. Nao ukanyooka.

Sasa ukafika ubao. Pembeni mwa meza Rula alikuwa ameweka msalaba mdogo wa penseli. Hapo ndipo mashine inapoanzia kuhesabu. Waya akakisogeza kisu mpaka juu ya msalaba, akaipa kompyuta habari kwamba hapa ndipo nyumbani, akaiambia ianze upya kwa ndege wa nne. Kwanza kisu kikiwa juu hewani, kikapita juu ya lile bawa lililokwishachongwa, na kilifuata mfereji wake bila kupotea. Mshonaji aliinama pembeni akitazama nafasi kati ya ncha na mbao. Huo ndio mtihani. Kikishuka mahali sipo, hakuna ubao mwingine uliobanwa na Rula.

"Nishushe?" Waya aliuliza.

"Shusha."

Kisu kikashuka. Kikauma. Kelele ilikuwa kubwa hata Waya alipomwambia kitu hakumsikia. Vumbi jembamba likaanza kuruka, likamwangukia mshonaji kwenye mikono na kwenye kifua cha gauni, naye hakulipangusa. Bawa la pili likatokea polepole, unyoya baada ya unyoya, likaungana na mwili bila hata kovu. Ndege wa nne akakamilika. Waya aliinua dole gumba na meno yote nje. Binti mlangoni alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Mshonaji alitikisa kichwa kukubali, na kwa kuwa hakuona ndani yake chochote cha kuongeza hapo, akatoka.

Aliingia chumba chake cha kushonea, akaketi kwenye cherehani. Kulikuwa na suruali ya mteja tangu kabla ya msiba, mguu mmoja umeshonwa pindo. Akaipanga chini ya sindano. Mashine ya upande wa pili ikaanza ndege wa tano. Ukuta ulitetemeka mpaka vibweta vya vifungo vikacheza rafuni, na kelele ile ikaingia kichwani, kwenye meno, ikawa haiwezekani kushona. Kwa kweli ilikuwa haivumiliki. Alikuwa hajakosea, siku zile. Ilikuwa ni kelele ya kumtoa mtu nyumbani.

Mkono ukachukua mkasi. Hakuutuma. Ukagonga ukuta kwa kipini, mara mbili, pale pale ambapo chokaa ilikuwa imeshabomoka kwa kugongwa.

Akasubiri, kama alivyokuwa akisubiri siku zote.

Kelele haikupungua.

Akagonga tena. Mara mbili, kwa nguvu zaidi. Mashine ikaendelea kulia vile vile, haina habari naye. Akagonga mara ya tatu, na safari hii hakuhesabu. Aligonga mpaka chokaa ikamwagika juu ya suruali ya mteja, akasikia sauti ikiita Rula, Rula, na ilimchukua muda kujua kwamba ni yake. Kiganja kilichoungua kilikuwa kinauma. Kiliuma vibaya. Aliweka paji la uso ukutani, akalia kwa sauti, vile watu wote walivyokuwa wakimngoja alie, na wifi hakuwepo kusikia, wala kwa fujo ile asingesikia hata angekuwepo.

Kisha mashine ikanyamaza. Ghafla, kama zamani. Mshonaji alishikilia pumzi, mkasi mkononi, sikio likiwa ukutani, akasubiri ianze tena kwa sauti ya chini kidogo.

"Shemeji," Waya aliita kutoka upande wa pili. "Njoo uone. Imemaliza."